KOMPYUTA YA OFISI ITABADILISHWA LINI?

Katika ofisi nyingi za Arua na Koboko kuna swali ambalo huulizwa kila mwaka unapokaribia mwezi wa Julai: "Kompyuta hii itabadilishwa lini?" Huulizwa na karani wa wilaya anayeandika barua, huulizwa na mwalimu mkuu anayetayarisha orodha ya wanafunzi, huulizwa na askari wa kituo cha polisi anayechapa taarifa, na huulizwa pia nyumbani na mke wa askari aliyefungua duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala karibu na kambi. Majibu yake ni mengi kuliko mashine zenyewe. Mmoja husema kwamba mpya zimekwisha agizwa. Mwingine husema kwamba zimekwama Kampala. Wa tatu huapa kwamba amemsikia dereva akisema zimekwisha vuka daraja la Pakwach.

Uvumi wa namna hiyo huchekesha, lakini huleta hasara. Ofisi ikingoja mashine isiyokuja, huacha kuitunza ile iliyopo, na siku moja majalada ya watu hupotea. Familia ikiamini kwamba bei zitashuka mwezi ujao, hungoja mpaka mashine ya biashara ikafa. Na ikiamini kwamba mashine ya zamani haifai kabisa, hukopa fedha kununua kitu ambacho haikukihitaji. Kwa hiyo yafaa kulitazama swali hili kwa utulivu. Hakuna ajuaye siku wala saa, lakini zipo dalili nne ambazo mtu akizifuata atakisia karibu na ukweli. Dalili hizo ni umri wa programu, nguvu ya umeme, kalenda ya fedha za serikali, na hali ya mashine yenyewe.

UMRI WA PROGRAMU

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta huzeeka kama baiskeli, yaani chuma huchakaa na mnyororo hukatika. Sivyo hasa. Kompyuta ya mezani iliyotunzwa vizuri huweza kufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi. Kinachoizeesha mapema ni programu kuu inayoiendesha, ambayo katika ofisi nyingi ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kampuni hiyo hutoa toleo jipya, hulihudumia kwa miaka kadhaa kwa kuziba nyufa ambazo wezi na virusi hupitia, kisha hutangaza siku ya kuacha huduma. Baada ya siku hiyo mashine huendelea kuwaka kama kawaida, lakini ni kama lindo ambalo askari wake ameondolewa asiletwe mwingine.

Tarehe za nyuma zina mafunzo. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na huduma yake ikakoma tarehe 8 Aprili 2014, yaani baada ya miaka 12 na miezi kadhaa. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 ikaachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na huduma yake ya kawaida ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ni Windows 8 tu, ile ya mwaka 2012, ambayo haikupendwa na watu ikaachwa mapema, Januari 2016, ingawa toleo lake lililorekebishwa, 8.1, lilihudumiwa hadi Januari 2023. Anayezisoma tarehe hizi huona kwamba programu iliyokubalika na watu hupewa umri wa miaka 10 na kidogo. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Kwa kufuata desturi hiyo, mtu akikisia kwamba itamfikisha mwanzoni mwa miaka ya 2030 hatakuwa amekisia ovyo. Lakini akumbuke kwamba desturi si sheria.

Tarehe ya 14 Oktoba 2025 ndiyo iliyozidisha maneno katika ofisi. Zamani, toleo jipya lilipotoka, fundi aliweza mara nyingi kulitia katika mashine ileile ya zamani, na kazi ikaendelea. Safari hii Microsoft iliweka masharti magumu zaidi. Mashine itakayopokea Windows 11 sharti iwe na kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, nafasi ya kuhifadhia ya GB 64 au zaidi, kipande cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo huanza karibu yote na kizazi cha 8, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017.

Hapa ndipo mtu awezapo kujua mwenyewe bila kungoja fundi wala uvumi. Aitazame namba ya prosesa katika kibandiko au katika kurasa za maelezo ya mashine. Ikiandikwa i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi hicho ni kizazi cha 6, na mashine haitakubaliwa. Ikiandikwa i5-8500, hicho ni kizazi cha 8, na kuna matumaini. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-12400, husomwa mbili za kwanza: kizazi cha 12. Kwa ujuzi huu mdogo, karani huweza kuzipitia mashine zote za ofisi katika asubuhi moja, akaandika orodha ya zile zinazofaa kutiwa programu mpya na zile zisizofaa. Orodha hiyo ina thamani kuliko mazungumzo ya mwezi mzima chini ya mwembe.

Microsoft iliacha pia mlango mdogo. Watu binafsi waliongezewa huduma ya ulinzi wa Windows 10 hadi Oktoba 2026, na taasisi zilizokubali kulipa ziliweza kupata hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo kiongozi wa ofisi aliyesikia kwamba "Windows 10 imekufa" hakuwa na sababu ya kuzitupa mashine zake siku ya pili. Alikuwa na sababu ya kupanga.

NGUVU YA UMEME

Huko Kampala mtu akikisia maisha ya kompyuta huhesabu miaka. Katika West Nile, kwa muda mrefu, ilimbidi mtu ahesabu pia mara ngapi umeme umekatika. Sehemu hii ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Mji wa Arua ulitegemea majenereta, na umeme uliwaka kwa saa maalum. Mwaka 2012 kituo cha Nyagak, huko upande wa Paidha, kilianza kutoa umeme wa maji wa megawati 3.5. Ilikuwa hatua njema, lakini mahitaji ya watu yalikua upesi kuliko mto. Hatimaye katika mwaka 2024 njia kuu ya umeme kutoka Lira na Gulu kupitia Nebbi ilifika Arua, na West Nile ikaunganishwa na gridi ya taifa. Katika mwaka huohuo bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi.

Je, jambo hili lina uhusiano gani na kubadilishwa kwa kompyuta? Uhusiano ni mkubwa. Kompyuta ya mezani haina betri ya ndani ya kuiendesha kama ile ya kubebwa mkononi. Umeme ukikatika ghafula, kazi isiyohifadhiwa hupotea, na diski iliyokuwa ikiandika huweza kuharibika. Umeme ukirudi kwa kishindo, kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine huungua. Mashine nyingi zilizotupwa kama "zimezeeka" hazikuzeeka; ziliuawa na umeme. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi zilipenda kununua kompyuta za kubebwa, ingawa hizo huibiwa kwa urahisi na ni ghali kutengeneza.

Umeme ukitulia, kompyuta ya mezani hurudi kuwa na faida: vipande vyake hubadilishwa kimoja kimoja, kioo chake ni kikubwa, na haitoki mlangoni ndani ya mfuko wa mtu. Basi mwenye kukisia na ajiulize kwanza hali ya umeme wa mahali pake. Ofisi iliyo katikati ya jiji la Arua si sawa na shule iliyo nje ya Koboko kuelekea Oraba. Na hata pale ambapo umeme umetulia, radi za West Nile hazijatulia. Kifaa cha kulinda umeme chenye betri, ambacho mafundi hukiita UPS, si anasa. Humpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa adabu. Na mvua ya radi ikianza, kuchomoa waya ukutani hakugharimu hata senti moja.

KALENDA YA FEDHA

Dalili ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi, ingawa kwa ofisi ya serikali ndiyo yenye nguvu zaidi. Kompyuta ya serikali haibadilishwi kwa sababu imezeeka. Hubadilishwa kwa sababu imeandikwa katika bajeti.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, Bunge hupitisha bajeti ya mwaka kabla ya tarehe 31 Mei. Lakini kazi ya kuitayarisha huanza miezi mingi nyuma, mwaka uliotangulia, wakati idara zinapoulizwa mahitaji yao. Kwa hiyo mkuu wa idara anayepiga kelele ya kompyuta mwezi wa Juni amechelewa kama mkulima anayepanda wakati wenzake wanavuna. Ombi lake litaingia, kama likiingia, katika mwaka utakaofuata.

Tena, fedha zikishapitishwa haziji zote kwa siku moja. Hutolewa robo baada ya robo. Baada ya hapo kuna taratibu za ununuzi: mpango wa manunuzi, kutangaza, kupokea bei, kuzipima, kutoa kazi, na kupokea mali. Taratibu hizo huongozwa na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali za Umma ya mwaka 2003, nazo zipo ili fedha za wananchi zisiliwe. Mwenye haraka huziona kama miiba. Lakini aliyewahi kuona ofisi ikiuziwa mashine mbovu kwa bei ya mashine nzuri hatazidharau.

Kutokana na hayo mtu huweza kukisia hivi. Kama kompyuta haimo katika bajeti ya mwaka huu, basi uvumi wote wa mwaka huu ni maneno matupu. Kama imo, haitazamiwi Julai wala Agosti, kwa kuwa ndio kwanza mafungu yameanza kutoka. Itazamiwe katika nusu ya pili ya mwaka wa fedha, baina ya Januari na Juni. Na ikifika tarehe 30 Juni haijanunuliwa, ruhusa ya kutumia fungu hilo hukoma kisheria, na maombi huanza upya. Ndiyo maana mwezi wa Mei huwa na pilikapilika nyingi katika ofisi za ununuzi.

Kwa hiyo karani mwenye busara haulizi, "Afande, kompyuta zinakuja lini?" Huuliza, "Afande, je, zimo katika mpango wa manunuzi wa mwaka huu?" Swali la kwanza huzaa uvumi. Swali la pili huzaa jibu.

Historia ya Afrika Mashariki hufundisha pia kwamba kununua si mwisho wa kazi. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Hesabu za serikali zilipovurugika baadaye kwa sababu mitambo ilitangulia utaalamu wa watu, serikali ya huko ilipiga marufuku, mwaka 1974, kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Miaka mingi ilipita kabla ya mlango huo kufunguliwa tena. Somo lake bado lina uhai: mashine mpya katika mikono isiyofunzwa ni gharama mpya tu. Katika jambo hili West Nile ina bahati ambayo haikuwa nayo zamani, kwani Chuo Kikuu cha Muni, kilicho Arua, kilianza kwa masomo ya teknolojia ya habari. Vijana waliojifunza huko wanapatikana, na ofisi haina haja ya kumwita fundi kutoka Kampala, safari ya karibu kilomita 500, ili aje abonyeze kitufe kimoja.

HALI YA MASHINE YENYEWE

Kabla ya kuihukumu mashine, yafaa ichunguzwe kama mgonjwa. Magonjwa mengi ya kompyuta ni madogo kuliko kilio chake.

La kwanza ni saa kupotea. Mashine inawashwa asubuhi, inasema kwamba ni mwaka wa nyuma kabisa, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Watu husema imeharibika. Kumbe betri ndogo ya duara iliyo ndani, mfano wa sarafu, imekwisha nguvu. Betri hiyo huitwa CR2032, huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo sana, na fundi huibadilisha kwa dakika tano.

La pili ni joto na vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la West Nile huingia kila mahali, na feni ya mashine huvuta vumbi kama mwenye kiu avutavyo maji. Mashine hupata joto, hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, kisha hujizima. Kuifungua kila baada ya miezi mitatu, ikiwa imechomolewa, na kuipangusa kwa brashi laini iliyo kavu, huongeza miaka katika maisha yake. Kuifunika kwa kitambaa ni vyema, lakini baada ya kuizima tu. Kuifunika ikiwa inawaka ni kuiziba pumzi.

La tatu ni diski ya zamani inayozunguka. Huchelewa, na ikianza kugonga kama mtu anayebisha hodi, hiyo ni dalili ya kifo. Siku hiyohiyo majalada yanakiliwe mahali pengine. Diski ya namna mpya, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka. Kuiweka katika mashine ya zamani, pamoja na kuongeza kumbukumbu kutoka GB 4 hadi GB 8, mara nyingi huifanya mashine iliyochukua dakika kumi kuamka iamke kwa muda usiofika dakika moja. Dakika kumi za kila asubuhi, kwa siku 26 za kazi, ni saa 4 na dakika 20 kila mwezi ambazo mtu hukaa akitazama kioo. Hapo ndipo fedha kidogo huokoa nyingi.

Na mashine isiyokubaliwa na Windows 11 haikufungiwa milango yote. Programu huria za Linux, kama Ubuntu, hupatikana bila malipo. Matoleo yake ya muda mrefu, ambayo hutoka mwezi wa Aprili kila baada ya miaka miwili, huhudumiwa kwa miaka 5. Kwa kuandika barua, hesabu na kusoma barua pepe zinatosha. Hata Kiswahili kilipata heshima yake katika njia hiyo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Lakini ofisi inayotumia mfumo maalum wa serikali na iulize kwanza kama mfumo huo utafanya kazi, isije ikaruka majivu ikakanyaga moto.

UPANDE WA NYUMBANI

Sasa swali hili lihamishwe kutoka ofisini hadi nyumbani. Chukua mfano wa mama wa kambini huko Koboko, mwenye duka la kupiga chapa. Wateja wake ni wanafunzi wanaotaka vitabu vyao vya mradi, wafanyabiashara wanaopita kwenda Sudan Kusini na Kongo, na wazee wanaotaka barua za madai yao ya pensheni. Mashine yake ni ya zamani. Jioni moja anamwambia mumewe, "Baba watoto, mashine hii itaniaibisha mbele ya watu. Jirani amesema tukope tununue mpya." Naye mume, ambaye mshahara wake ndio dhamana, anajibu, "Mama watoto, hebu tuhesabu kwanza." Jibu hilo ni la askari mwema, mradi hesabu ifanyike kweli, isiwe njia ya kuahirisha tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda huziweka kompyuta katika kundi la mali inayopungua thamani kwa haraka kuliko nyingine, yaani asilimia 40 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa ajili ya kuhesabu tu, mashine na ichukuliwe kuwa ilinunuliwa kwa shilingi 2,100,000. Baada ya mwaka mmoja thamani yake katika vitabu ni 1,260,000. Baada ya miaka miwili ni 756,000. Baada ya mitatu ni 453,600. Baada ya minne 272,160. Na baada ya mitano ni 163,296 tu. Nyumba na shamba huweza kupanda thamani, kompyuta hushuka. Kwa hiyo mkopo wa kununua kompyuta usiwe mrefu kuliko maisha ya kompyuta yenyewe. Atakayelipa mkopo wa miaka mitano kwa mashine aliyoinunua ikiwa imetumika miaka sita, atakuwa analipia kaburi.

Njia iliyo bora ni kuanza kununua mashine ijayo siku ile ile mashine ya sasa inapoanza kazi. Shilingi 2,100,000 zikigawanywa kwa miezi 60 ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Fedha hizo ziwekwe kando, katika kikundi cha akiba au katika chama cha ushirika. Wanajeshi wa UPDF wana Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Familia iliyofanya hivyo haina haja ya kukisia mashine itabadilishwa lini. Itabadilishwa siku familia itakapoamua.

Na wale wanaongoja bei zishuke? Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wangojao walipata faida. Mwaka 1965 mhandisi Gordon Moore wa Marekani aliona kwamba idadi ya vipande vidogo katika bamba la kompyuta inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Kwa kanuni hiyo watu walizoea kwamba fedha ileile hununua nguvu zaidi kila mwaka. Lakini mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu zao kuhudumia mitambo mikubwa ya akili bandia. Waliongoja punguzo walikutana na nyongeza. Basi kungoja nako ni kamari. Kinachofaa ni kununua wakati kazi inapodai na akiba inaporuhusu.

Mnunuzi wa mashine iliyotumika, kama zilivyo nyingi katika maduka ya Arua, na aende na ile namba ya prosesa kichwani. Aiwashe mbele ya muuzaji, aizime, aiwashe tena. Asikilize diski. Adai risiti yenye namba ya mashine, kwa maana askari au mke wa askari akikutwa na mali ya wizi, aibu yake ni mara mbili.

KABLA YA KUIAGA YA ZAMANI

Siku mashine mpya inapofika, furaha huwasahaulisha watu mambo mawili.

Jambo la kwanza ni majalada. Kufuta barua katika kioo si kuifuta katika diski. Mjuzi huweza kuirudisha. Majina, namba za vitambulisho, hesabu za benki na taarifa za wagonjwa ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawataka wanaozihifadhi wazilinde. Majalada yanakiliwe mara mbili, katika sehemu mbili tofauti, yajaribiwe kama yanafunguka, ndipo diski ya zamani isafishwe na mtaalamu au ivunjwe.

Jambo la pili ni mwili wa mashine. Mali ya serikali, hata ikiwa imekufa, ni mali ya serikali. Sheria ile ile ya mwaka 2003 iliyoongoza kuinunua ndiyo inayoongoza kuiondoa. Mtumishi haruhusiwi kuibeba nyumbani kwa hoja kwamba "ilikuwa imelala tu stoo." Na iliyo ya mtu binafsi isitupwe shimoni wala isichomwe moto na watoto wanaotafuta shaba, kwani ndani yake mna risasi na sumu nyingine, na moshi wake hudhuru mapafu na akili za watoto. Uganda ilifungua kituo cha taifa cha kukusanya taka za umeme huko Kampala mwaka 2021. Fundi mwaminifu wa Arua naye huweza kununua vipande vilivyo vizima: kioo, feni, kumbukumbu, na kifaa cha kugawa umeme.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine iliyo mezani leo ndiyo inayoandika barua ya pensheni ya mzee, ndiyo inayochapa mtihani wa mtoto, ndiyo inayolisha nyumba ya mwenye duka. Ipanguswe, ilindwe na radi, ibadilishiwe betri, na majalada yake yanakiliwe kila Ijumaa kabla ya ofisi kufungwa. Wakati huohuo ombi la mashine mpya liandikwe mapema, likiambatana na ile orodha ya namba za prosesa, na lifike kwa mkuu wa idara kabla bajeti haijaanza kutayarishwa. Ofisi itakayofanya hayo mawili pamoja haitakuwa na haja ya kumuuliza dereva kama amevuka Pakwach na mzigo gani.